Riwaya za ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na reli: tuzipime kwa Mussel Slough, 1880

Nyaraka

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaosoma au kuandika riwaya za kihistoria zenye ugomvi wa shamba na reli. Nitatumia tukio moja kwa sababu ndilo lililoandikiwa riwaya nyingi na kumbukumbu zake zipo: mapigano ya Mussel Slough, karibu na mji wa Hanford, California, tarehe 11 Mei 1880. Walikufa watu 7. Riwaya inayokumbukwa ni The Octopus ya Frank Norris (1901), lakini haikuwa ya kwanza. William C. Morrow alitoa Blood-Money mwaka 1882, C. C. Post akafuata na Driven from Sea to Sea mwaka 1884, na mwanafalsafa Josiah Royce akatoa The Feud of Oakfield Creek mwaka 1887.

Ninachodai ni hiki: ugomvi wenyewe ulikuwa wa karatasi. Bunduki zilikuja mwishoni, zikafanya kazi ya dakika chache. Msomaji asiyezijua karatasi zile hawezi kuona mwandishi amebadilisha nini, na mwandishi asiyezijua ataishia kumchora mkulima mwema na tajiri mbaya, basi. Kwa hiyo naanza na karatasi.

Sheria ya tarehe 27 Julai 1866 iliipa kampuni ya Southern Pacific ardhi ya umma ili ijenge reli. Ardhi ilikuwa ikipimwa kwa vipande vya maili moja kwa maili moja, ekari 640 kila kimoja, na kila kipande kina namba. Kwa kila maili ya reli kampuni iliahidiwa vipande 10 vya namba witiri (1, 3, 5...) upande huu na 10 upande ule. Vya namba shufwa (2, 4, 6...) vilibaki mikononi mwa serikali. Ramani yake ni kama ubao wa drafti, ukanda wa maili 20 kushoto na maili 20 kulia kwa njia.

Sasa bei. Serikali kwa kawaida iliuza ardhi yake $1.25 kwa ekari, lakini ndani ya ukanda wa reli ilidai $2.50. Kampuni nayo ikasambaza vijitabu vya kuwaalika watu waingie kwenye vipande vyake hata kabla yenyewe haijapata hati ya umiliki. Vijitabu vilisema bei zinaanzia $2.50 kwenda juu, kwamba ardhi nyingi itauzwa kati ya $2.50 na $5, na kwamba jasho la mkulima halitaongezwa kwenye bei. Watu wakaingia. Wakachimba mifereji ya kuvuta maji ya mto Kings, eneo kame likaanza kutoa ngano. Wathamini wa kampuni walipopita mwishoni mwa miaka ya 1870, bei ilitoka $17 hadi $40 kwa ekari.

Pigeni hesabu ya shamba la ekari 160. Kwa $2.50 ni $400. Kwa $17 ni $2,720. Kwa $40 ni $6,400. Mkulima aliyekuwa ameweka akiba ya dola 400, na juu yake ameshatumia miaka kadhaa kwenye mfereji, hana pa kuzitoa hizo nyingine. Na akikataa, kampuni inamuuzia mtu mwingine shamba lile lile likiwa na mfereji, nyumba na mazao yake ndani.

Bi Shamsa

Ahsante Nyaraka. Niongeze hapo kwenye hati, maana ndipo wakulima walipojenga kesi yao na riwaya nyingi zimeliruka jambo hili.

Kampuni ilibadilisha njia ya reli. Njia ya awali ilikuwa ipite upande wa pwani, kisha mwaka 1867 ikawasilisha ramani mpya inayopita bonde la San Joaquin. Wakulima wakasema: ardhi ilitolewa kwa njia ile, si kwa njia hii, hivyo kampuni haina haki na vipande hivi ni vya umma. Mwezi Desemba 1879 Jaji Lorenzo Sawyer wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba kampuni ina haki. Kuanzia siku hiyo kila mkulima aliyeng'ang'ania kipande cha namba witiri alikuwa mvamizi machoni pa sheria, hata kama amekaa pale miaka 8.

Hapa pana uchungu wa kweli ambao Norris aliuona na akautumia vizuri. Katika riwaya yake mkulima Annixter anakwenda na pesa ofisi ya ardhi ya kampuni kwa wakala wake, Ruggles, anataka kununua, anaambiwa bado, kampuni haijawa tayari kuuza. Mtu ana pesa na ahadi ya maandishi, ila hana tarehe. Ukurasa huo una nguvu kuliko mapigano yote ya kitabu kile, kwa maoni yangu. Unaona mtu ananyang'anywa shamba na karani mwenye adabu anayemwomba avute subira.

Mlima Ngano

Bi Shamsa nakubaliana nawe kuhusu Annixter, lakini huyo huyo ndiye anayeonyesha kosa kubwa la riwaya. Annixter ana ranchi. Mhusika mwenzake, Magnus Derrick, ana shamba la Los Muertos, ekari 10,000. Hao si watu wa Mussel Slough! Wakulima halisi walikuwa na ekari 80 au 160, familia moja na wanyama wa kukokota plau. Norris aliwatoa akaweka matajiri wa ngano wenye wapangaji chini yao, mashine ya kupokea bei za soko kwa waya ndani ya ofisi ya shamba, na masimbi ya kuwahonga wanasiasa. Mkulima mdogo amebaki pembeni, ni Hooven, mpangaji Mjerumani.

Athari yake ni kwamba swali la kitabu linageuka. Mussel Slough uliuliza: je, aliyefanya kazi kwenye ardhi kwa ahadi ana haki gani mbele ya mwenye hati? The Octopus inauliza: mtaji mkubwa wa ngano ukikutana na mtaji mkubwa wa reli, nani atammeza mwenzake? Swali zuri, ila ni lingine.

Nyaraka

Sababu yake ipo, Mlima Ngano. Norris alikuwa akipanga riwaya 3 za ngano: ya kwanza inailima California, ya pili inaiuza Chicago, ya tatu inailisha Ulaya yenye njaa. Ya pili, The Pit, ilitoka 1903, yeye akiwa ameshafariki mwaka 1902. Ya tatu hakuiandika. Kwa mpango huo alihitaji shamba linalotoa ngano ya kujaza meli. Ekari 160 hazijazi meli.

Pia alisogeza wakati. Tukio la 1880 amelipeleka kwenye California ya miaka ya 1890, akaunganisha manung'uniko mawili ya nyakati tofauti: hati za ardhi (miaka ya 1870 hadi 1880) na gharama za kusafirisha mzigo, ambazo ndizo zilikuwa zikiwachoma watu alipokuwa akiandika.

Fundi wa Maneno

Na kwenye gharama za mzigo ndipo Norris ni bingwa. Mifano 3 kwa wanaoandika, muone jinsi namba inavyobeba drama.

Plau. Derrick ameagiza plau kutoka mashariki. Behewa lililozibeba linafika mji wake wa Bonneville, plau anaziona kwa macho, lakini haruhusiwi kuzishusha. Lazima ziende kwanza San Francisco, kisha zirudi kwa nauli ya pili, ya masafa mafupi ambayo ni ghali zaidi. Huo haukuwa uzushi wa mwandishi: mzigo wa kwenda bandarini ulikuwa na ushindani wa meli, wa mji wa ndani haukuwa nao, ndiyo maana mji wa ndani ulikamuliwa.

Hopsi. Dyke, dereva wa zamani wa treni, anaingia kwenye kilimo cha hopsi za kutengenezea bia. Amepiga hesabu zake kwa nauli ya senti 2 kwa ratili, ameweka rehani nyumba, ameshaahidi kuuza kwa bei maalumu. Mavuno yakiwa tayari, nauli inapanda hadi senti 5. Senti 3 za ziada zinakula faida yote na rehani juu yake. Hakuna risasi hata moja kwenye ukurasa huo, na mtu ameshakwisha.

Tume ya nauli. Wakulima wanahonga ili wawe na watu wao kwenye tume inayopanga nauli za reli, akiwemo Lyman, mtoto wa Derrick. Tume inatoa punguzo la wastani wa asilimia 10 kama ilivyoahidi, ila imepunguza kwenye njia ambazo hazipitishi ngano! Wastani umetimia na mkulima hajapata kitu. Anayetaka kuonyesha ufisadi wa kitaalamu ajifunze hapo.

Kinubi

Wakuu, naomba kuuliza kuhusu mapigano yenyewe. Kitabuni yanatokea siku ya kuwasaka sungura. Ilikuwa hivyo kweli?

Fundi wa Maneno

Hapana, Kinubi. Siku ile wakulima walikuwa na mkutano wa hadhara na chakula mjini Hanford, wakimsubiri David S. Terry, jaji wa zamani, aje kuhutubia. Hakufika. Wakati watu wamekusanyika, habari zikaja kwamba Marshali Alonzo Poole, ofisa wa kutekeleza amri za mahakama ya shirikisho, yuko mashambani anawatoa watu.

Mpangilio wake ni huu. Magari mawili ya farasi. Kwenye moja Poole na William Clark, mthamini wa kampuni. Kwenye jingine Mills Hartt na Walter Crow, wanunuzi waliokuja kukabidhiwa mashamba. Kwanza walifika kwa mkulima William Braden, wakatoa vyombo vyake nje hadi barabarani, wakaacha risasi 4 kwenye kizingiti cha mlango. Kisha wakaelekea shamba la Henry Brewer. Huko wakakutana na wakulima waliopanda farasi, wengi wao wakiwa na bastola tu au bila silaha. Marshali alisukumwa na farasi akaanguka, maneno yakapandana, risasi zikalia. Nani alianza, ushahidi unagongana hadi leo. Crow alikuwa na bunduki ya marisau na shabaha kali, na ndiye anayehesabiwa kuwaua wengi wa wakulima 5 waliokufa. Alikimbia, akauawa kama maili moja na nusu mbele. Hartt naye alikufa kwa majeraha.

Norris amebakiza umbo: gari, marshali, farasi kumgonga mtu, mkanganyiko, mfereji. Kubadilisha mkutano kuwa msako wa sungura ni uamuzi wa kisanaa, maana sungura wanapigwa kwa marungu ndani ya boma, halafu inafuata zamu ya watu. Mimi naona amekaza sana kamba hapo. Zile risasi 4 kwenye kizingiti zingemtosha.

Mlima Ngano

Na kuna kitu alichokiacha kabisa ambacho kingekuwa riwaya peke yake: kesi. Wakulima 5 walitiwa hatiani kwa kumzuia ofisa wa serikali kutekeleza amri ya mahakama. Si kwa mauaji. Walifungwa miezi 8 katika jela ya San Jose, na walipotoka 1881 umati mkubwa uliwapokea Hanford kama mashujaa. Sheria imewaadhibu, mji umewashangilia, na mashamba hayakurudi: wengi waliishia kulipa bei ya kampuni au kuhama.

Bi Shamsa

Tusiwafanye malaika lakini. Chama chao cha wakulima, kilichoanzishwa 1878 chini ya Thomas Jefferson McQuiddy, meja wa zamani wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kilikuwa na watu waliopanda farasi usiku wamejifunika nyuso. Aliyethubutu kununua kipande kutoka kwa kampuni alitishwa, na nyumba ilichomwa. Tena wapo walioingia kwenye vipande vile wakijua hati ina mgogoro, wakibahatisha kwamba kampuni itashindwa kortini na wao watapata ardhi kwa bei ya serikali. Richard Orsi, mwanahistoria wa reli hiyo, amelisisitiza sana hili, na waandishi wa riwaya za zamani walilificha.

Norris hakulificha, alilibadilisha. Dhambi ya wakulima wake ni hongo, si moto wa usiku. Magnus Derrick anavunjika kwa sababu ametoa rushwa na imejulikana. Kwa riwaya ya matajiri ni sahihi. Lakini ukiandika juu ya wenye ekari 80, dhambi yao ya kweli ni kumtisha jirani. Jirani aliyenunua naye ana watoto. Hapo ndipo pa kuandika, na sioni aliyepafikia vya kutosha.

Kinubi

Jina la Octopus, yaani pweza, alilibuni yeye?

Nyaraka

Hapana. Jarida la The Wasp la San Francisco lilichapisha mwezi Agosti 1882 katuni ya G. Frederick Keller, reli ikiwa pweza mwenye sura za Stanford na Crocker, wakubwa wa reli hiyo, machoni, na makaburi ya Mussel Slough yamo ndani ya picha. Norris alikuta taswira imeshazoeleka.

Fundi wa Maneno

Tuguse filamu kidogo, kwa sababu ndiko watu wengi wanakopata picha ya ugomvi huu. Jesse James ya 1939 inaanza na mawakala wa reli wanaowalazimisha wakulima wa Missouri kuuza kwa dola 1 kwa ekari, na bomu la wakala linamuua mama yake Jesse. Kwa kweli bomu la 1875 lilirushwa na wapelelezi binafsi wa kampuni ya Pinkerton waliokuwa wakimsaka Jesse, ambaye alikuwa jambazi tayari. Mama alipoteza mkono, aliyekufa ni mdogo wake Jesse wa mama mmoja, na mama aliishi hadi 1911. Filamu imechukua jambazi ikampa malalamiko ya mkulima. Inauzika, ila inawadhulumu wakulima halisi, kwa sababu kisa chao kimegeuzwa udhuru wa wizi.

Once Upon a Time in the West (1968) iko makini zaidi kuhusu reli ilivyofanya kazi. McBain amenunua ardhi kame yenye kisima kwa sababu injini ya mvuke haiendi bila maji, na anajua reli itapita hapo tu. Mkataba wake una sharti: stesheni iwe imejengwa reli itakapofika, la sivyo haki inapotea. Hadithi nzima inaendeshwa na sharti moja la mkataba.

Kinubi

Na huku kwetu? Reli ya Uganda si ndiyo ilichukua ardhi vile vile?

Bi Shamsa

Ilichukua, ila si vile vile, na anayenakili umbo la Norris atapotea. California kulikuwa na kampuni binafsi, kijitabu cha bei, mahakama na mnunuzi mshindani. Reli ya Mombasa hadi Kisumu (1896 hadi 1901) ilikuwa ya serikali ya Uingereza, na aliyekuwa akilima au kuchunga hapo hakuandikiwa ahadi ya bei. Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa kando ya reli kwa mkataba wa 1904, kisha waliopelekwa Laikipia wakahamishwa tena kuanzia 1911. Wanandi walipigana hadi Koitalel arap Samoei alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905. Hakuna Ruggles wa kukuambia uvute subira.

Ngũgĩ wa Thiong'o katika A Grain of Wheat (1967) alipata njia yake. Nyoka wa chuma ametabiriwa na mtabiri, ardhi imekwenda, halafu vijana wa kizazi cha baadaye wanakimbilia stesheni ya Rung'ei siku za mapumziko kuitazama treni na kutazamana wenyewe. Gikonyo na Karanja wanashindana mbio kuifikia. Yaani kilichowapokonya babu zao kimeshakuwa mahali pa kutongozana. Norris hakuweza kuandika hilo, treni yake inaua tu: mwanzoni kabisa inasaga kundi la kondoo.

Kinubi

Nimeelewa. Naandaa hadithi ndefu ya Mussel Slough yenyewe, si Octopus. Nianzie wapi na nikwepe nini?

Nyaraka

Usianze Mei 1880. Anza miaka ya mwanzo ya 1870, kijitabu kinasomwa mezani na mfereji haujachimbwa. Msomaji auone mfereji ukichimbwa, kwa sababu thamani inayodaiwa baadaye imetoka humo. Kisha wathamini wa kampuni. Waonyeshe wakitembea shambani na kuandika: udongo, maji, umbali wa stesheni. Mkulima anawapikia kahawa bila kujua daftari lina nini. Barua ya bei ifike baadaye.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni kumtoa mtu shambani bila hatua za sheria. Kampuni ilitangulia kortini, ikapata hukumu, ikatafuta mnunuzi, ndipo marshali akaja na amri pamoja na mnunuzi mwenyewe. Ukiruka hatua hizo, Crow na Hartt wanakuwa majambazi wa kukodiwa, wakati kisheria walikuja kupokea mashamba. Msomaji anapaswa kuwachukia huku akijua amri iko upande wao.

Mlima Ngano

Na chagua mhusika anayeishi kwenye namba shufwa. Jirani yake wa ng'ambo ya ua yuko namba witiri. Wa kwanza ana hati ya serikali na halali njaa kwa ajili ya reli, wa pili anaweza kutolewa kesho, ilhali wote wawili walichimba mfereji mmoja. Chama kinapita nyumba kwa nyumba kuomba saini. Atatia au hatatia?

Bi Shamsa

Muhimu hilo, Mlima Ngano. Na Kinubi, angalia usiweke umeme, simu na mashine za miaka ya baadaye: huko Hanford ya 1880 mji wenyewe ulikuwa na miaka 3, ulianzishwa reli ilipofika 1877 na kupewa jina la James Madison Hanford, ofisa wa reli hiyo hiyo. Wakulima walikuwa wakiuza ngano yao na kufanya mikutano ya kuipinga kampuni katika mji wenye jina la mtu wa kampuni. Usimweke mtu kueleza jambo hilo kwa hotuba. Liandike jina kwenye ubao wa stesheni, magunia yakipakiwa chini yake.